Zhiguli ya Baba na Theluji ya Dolon

Mama yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Moscow, pamoja na harufu ya maandazi yetu ya boorsok niliyokaanga leo asubuhi nikikukumbuka. Mgongo unasemaje? Na yule bibi unayemsafishia nyumba, bado ana mdomo mchungu? Sisi hapa Naryn tu wazima, alhamdulillahi. Ng'ombe amezaa ndama mwenye doa usoni, na theluji imefika madirishani. Barua hii nimempa Gulbarchyn wa jirani akuletee mkononi, maana tukipiga simu Baba hukaa ubavuni mwangu na kutaka sauti iwekwe juu, na haya hayasemeki mbele yake.

Tangu uliposema utakuja Mwaka Mpya, Baba hashikiki. Ile Zhiguli kuukuu imekuwa bibi harusi! Ameifunga matairi ya baridi, amemwaga maji yote ya rejeta na kutia dawa isiyoganda, na minyororo ya magurudumu ameivika na kuivua mpaka vidole vikachubuka. Kwenye buti kuna koleo, kamba ya kuvutia, na lile blanketi la sufu la marehemu bibi la kufunikia boneti mtakaposimama kunywa chai. Jirani Sagynbek alimtania toka ng'ambo ya ua, eti mzee, unakwenda kumpokea mkeo au kuoa upya? Baba akamwambia nyamaza wewe, gari lako kila asubuhi linasukumwa na mkeo. Watu walicheka. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Sagynbek huyo huyo alijitolea akupokee yeye uwanja wa ndege kule Bishkek. We! Baba alitupa kofia chini. Alisema yeye ndiye aliyempeleka mkewe na yeye ndiye atakayemrudisha, na kwamba hakuna mwanamume mtaani aliyeuvuka mlima wa Dolon mara nyingi kama yeye enzi zake za udereva wa lori. Na ni kweli, nani atabisha?

Mama, mimi sitaki Baba auvuke mlima ule. Sababu naogopa hata kuiandika, lakini nitaifikia. Basi nikaamua kuliharibu gari.

Kwanza nilitoa betri nikaificha nyuma ya jiko. Asubuhi Baba akaipapasa mahali pake, akaja ndani moja kwa moja, akaikuta, akanikumbatia. Alisema hajui nani kanifundisha kwamba baridi ikizidi betri hulala ndani, na kwamba sasa kapata dereva mwenzake. Siku nyingine nikatoa upepo kwenye matairi. Akayabonyeza kwa kidole gumba, akasema hewaa, tairi likilegea kidogo hung'ang'ania theluji. Nikajaza magunia ya viazi kwenye buti ili gari lisitoke hata uani. Likatoka mbio! Baba alinisifu mtaa mzima, eti Zhiguli husukumwa na magurudumu ya nyuma, ukiitia uzito nyuma haitelezi ovyo. Nilikwenda zizini nikalia mbele ya ndama. Kila ninalofanya kumzuia ndilo linalomtayarisha.

Sasa sababu. Kabla ya hayo yote, tulikwenda na gari kuchukua makaa ya mawe. Tulipotoka mtaani Baba akaniambia nimtajie njia. Nilidhani ni utani, mpaka nilipoona kondoo wamejaa barabarani na yeye hapunguzi mwendo. Nikapiga yowe. Akafunga breki, akazima gari. Kisha akaniambia macho yake yameingiwa na ukungu tangu majani yalipopukutika, na daktari kasema hayana dawa. Theluji ikianguka haoni ila weupe mtupu; barabara na bonde kwake ni kitu kimoja. Kumbe gari lote lile analitengeneza kwa vidole, Mama, na sisi hatukujua!

Anataka mimi niwe macho yake kule Dolon. Alisema wewe ukijua hutarudi tena, utabaki huko kusafisha sakafu za watu mpaka ufe kwa ajili yake. Akanishikisha mkate, nikaapa sitakuambia. Leo nimevunja kiapo cha mkate, Mungu anisamehe.

Niliwaza umwambie huji, kisha uje kimya kimya na teksi ya abiria. Nikamjaribu, nikamwuliza itakuwaje ukija hivyo. Alisema siku mkewe atakapoteremka teksi ya watu mlangoni pake, mtaa wote utajua kwamba yeye, Toktosun, amekwisha, na yeye hatatoka nje tena mpaka wamtoe kwa jeneza. Unamjua, hasemi ovyo. Nimegeuza hili na lile, sioni mlango.

Basi Mama, usije. Miaka yote ni mimi niliyekulilia kwenye simu kwamba rudi, na leo ni mimi ninayekuandikia usije. Mwambie umenyimwa ruhusa kazini. Mdanganye vizuri, maana sauti yako anaijua.

Gulbarchyn ananiita, gari lao linaondoka. Jifunike vizuri, usile vyakula baridi. Baba anakusalimu sana. Yuko uani, anafuta vioo vya gari, anasema viwe safi ili njiani uione milima yako.

Mwanao akupendaye,
Nurzat