Katambuga za Selestine

Tarime

Dada yangu Yasmini,

Shikamoo. Sisi ni wazima, ila mvua imeharibu mahindi.

Viatu vyangu vya katambuga nimevibadilisha. Tangu dhahabu ionekane huku, wachimbaji wanalalamika kwamba soli za tairi zinateleza kwenye ngazi za mashimo. Basi nikazichonga mistari, na mikanda nikaishona badala ya kuipiga misumari. Selestine, jirani yetu, ndiye aliyezijaribu. Alirudi anacheka: "Fundi, sasa nashuka hata pakiwa pamelowa!" Nilifurahi sana, dada.

Wiki iliyopita shimo liliporomoka, likamfukia, akafa. Walipomtoa alikuwa bado amezivaa, na hakuna hata uzi uliokatika.

Juzi mkewe, Salome, aliniletea katambuga hizo. Nilidhani hataki kuziona tena. Akasema, "Shemeji, zipunguze zinitoshe."

"Za kwendea shamba?"

"Shamba gani? Naenda kuponda mawe kulekule shimoni, watoto wapate kula."

Nikazikata. Aliondoka nazo miguuni, nami tangu hapo sijashika kisu. Vijana wanakuja kuagiza, nawaambia tairi zimeisha.

Uniombee, dada.

Mdogo wako,
Ashrafu