Baba Hatahamishwa na Kioo

Turuntie 18,
Salo, Finland.
9 Machi.

Mpendwa Shangazi Lempi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Thunder Bay, Kanada, na kwamba goti limepoa sasa baridi inapoanza kulegea. Mwanao Eino ameniandikia kwamba uliteleza kwenye ngazi za kanisa, na mchungaji alipokuja kukushika mkono ukamfukuza. Nilicheka peke yangu jikoni. Mimi sijambo. Mgongo unanisumbua nikikaa sana, kwa hiyo nafanya kazi nimesimama.

Baba naye hajambo, tena hajambo kwelikweli. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua umeandikiwa mengine.

Barua yako nimeipata. Unasema kaka yangu Ilkka amekueleza yote, na kwamba unaona ni busara nyumba ya Sulkava iuzwe na Baba apelekwe mjini kwenye makao ya wazee. Nyumba ni yenu wawili, wewe na Baba, tangu Babu afariki, na bila neno lako Ilkka hawezi kuuza hata mlango wa choo. Shangazi, nimekuheshimu tangu utotoni na nitaendelea kukuheshimu, lakini katika hili nakubishia. Ilkka amekueleza nusu. Nusu nyingine ninayo mimi.

Ni kweli macho ya Baba yameharibika. Pale katikati haoni kitu, pembeni ndiko anakoona, kwa hiyo ukiongea naye anakutazama sikio. Lakini kuni anapasua, sauna anawasha, samaki anavua, na mkate wa samaki anauoka mwenyewe, mtamu kuliko wangu. Kilichomshinda ni kitu kimoja tu, simu. Kitochi chake cha zamani kilipokufa, Ilkka alimnunulia simu janja ya bei mbaya, kioo kitupu mbele na nyuma. Baba akitaka kumpigia jirani yake Sulo, anampata daktari wa meno. Akivaa glavu, kioo hakimjui kabisa. Ndipo Ilkka akatangaza kwamba mzee hawezi tena kutumia simu, na asiyeweza kuita msaada hawezi kukaa peke yake kando ya ziwa. Mimi nasema simu ndiyo iliyoshindwa kumtumikia mzee, na sielewi kwa nini simu inabaki halafu mzee ahame.

Unajua kazi yangu. Nimebuni vitufe vya simu tangu nikiwa msichana, enzi zile nusu ya mji huu ilikuwa ikiishi kwa kutengeneza simu. Siku hizi kazini wananiambia vitufe vimepitwa na wakati, na wananipa kazi ya kuchora picha za vitufe kwenye kioo. Picha ya kitufe, Shangazi! Mwenye njaa utampa picha ya mkate? Nachora, maana kodi lazima ilipwe, lakini moyo haujakubali hata siku moja.

Basi mwezi wa Novemba nikaamua kumtengenezea Baba simu yake mwenyewe. Vitufe vitatu mbele, kila kimoja na umbo lake. Cha kwanza kimevimba kama kifungo cha koti, hicho ni cha Sulo. Cha pili kirefu na chembamba, cha kunipigia mimi. Cha tatu kina kishimo katikati, nikakiacha bila kazi. Nimevitenganisha kwa upana wa kidole gumba kilichovaa glavu nene ya sufu, na kila kimoja ukikibonyeza kinagonga hadi mfupa unasikia. Chini yake nikaweka kitufe cha hatari, kikubwa, kimejitokeza nje. Kinampigia Sulo kwanza, maana Sulo yuko karibu kuliko ambulansi yoyote.

Hapo ndipo nilipokosea, na hiyo ndiyo habari aliyokupelekea Ilkka. Kitu kile nilikijaribu nimesimama mezani kwangu. Sasa mvuvi wa barafu hukaaje? Anakaa kwenye kigoda kifupi, amejikunja juu ya tundu alilotoboa kwenye ziwa lililoganda, kifua kimelalia magoti. Kila mtoto wa nchi hii anajua hivyo, mimi nikasahau. Baba akamnasa sangara mkubwa, akajikunja kumvuta, goti likabonyeza kitufe cha hatari kwenye simu iliyokuwa mfuko wa kifuani. Sulo akapokea simu, akasikia mzee anahema na kuguna, "Njoo! Njoo hapa, shetani wewe!" Akaita waokoaji. Wakaja na pikipiki ya theluji na machela, mbio, mbwa wa kijiji wote wanabweka. Baba akawaangalia masikio, akasema, "Mmechelewa. Ameshatoka mwenyewe." Akawaonyesha samaki. Halafu akawaomba radhi kwamba chupa ya kahawa ipo, ila kikombe ni kimoja.

Ilkka anasema ukoo umeaibika. Kama kijiji kucheka wiki mbili ni aibu, basi aibu imewafaa. Hata hivyo nilijua kosa ni langu, nikapanda basi kwenda Sulkava.

Nilikaa na Baba jikoni akisafisha sangara. Nilikuwa natazama mikono yake tu. Kisu kinageuka huku na huku, lakini kila anapotaka kukata kwa nguvu, kidole gumba kinarudi palepale, mwisho wa mpini, bila yeye kufikiri. Nikaibuni upya simu. Umbo lake nikalifanya kama mpini wa kisu chake, na kitufe cha hatari nikakihamishia pale kwenye kituo cha gumba, ndani ya shimo lenye ukingo ulionyanyuka. Goti likija linagota kwenye ukingo. Gumba likija, hata likiwa ndani ya sufu, linaingia lenyewe. Tangu siku hiyo amevua msimu mzima, na Sulo hajaita mtu.

Mwezi uliopita Ilkka akaomba mkaguzi wa huduma za wazee. Akaja binti mmoja, Henriikka, mpole lakini macho makali. Akasema anataka jambo moja tu, mzee aite msaada mwenyewe, kwa macho aliyonayo na mikono aliyonayo. Ilkka akadakia, akaleta ile simu yake ya kioo. Alikuwa ameipanga iitikie sauti.

Simu ikauliza kwa sauti ya kike, "Je, unahitaji msaada?"

Shangazi, wewe ni mtu wa Savo, mkoa wetu, umeshaona balaa linakuja. Nani amewahi kupata ndiyo au hapana kutoka kwa mtu wa kwetu?

"Inategemea," Baba akasema.

"Samahani, sijaelewa. Unahitaji msaada?"

"Anaweza akawepo mtu anayehitaji."

"Samahani, sijaelewa."

"Pole. Na wewe je, binti, huko ndani hujambo?"

Simu ikajizimia. Ilkka alikuwa mwekundu hadi shingoni. "Baba, jamani! Sema ndiyo tu!"

"Ndiyo ya nini, na sijaanguka?"

Henriikka alikuwa ameinama juu ya kikombe, mabega yanatikisika. Kumbe naye mama yake ni wa Kuopio, Savo hukohuko.

Kisha akamtoa Baba nje hadi ufukweni, glavu zote mbili mikononi, akamgeuza aelekee ziwani. Akamwambia, "Haya mzee, umeanguka." Baba hakuitoa hata simu mfukoni. Mkono uliingia, tukasikia kitufe kikigonga, na mara sauti ya Sulo ikatoka ndani ya koti.

"Taisto, unakufa au unavua?"

"Nakaguliwa."

"Basi nimalize kahawa yangu?"

"Maliza."

Henriikka akaandika kwamba Baba anaweza kukaa kwake, na kwamba atarudi vuli kumwangalia. Nilimkumbatia. Sijui kama inaruhusiwa, lakini nilimkumbatia.

Sitaki umwone Ilkka ni mtu mbaya. Jioni tulikaa naye kwenye ngazi za sauna, akaniuliza polepole, "Siku akianguka kweli, nani atamkuta?" Nikamwambia Sulo. Akasema, "Sulo mwenyewe mzee, Sirkka. Na Sulo akitangulia?" Ilkka anaogopa, naye ni mtoto wa Baba kama mimi. Lakini woga wa mtu mwingine usimtoe Baba kwenye nyumba alimozaliwa. Siahidi kwamba hataanguka. Ninachosema ni kwamba akianguka, aangukie kwake.

Pamoja na hayo yote, juzi Ilkka ameniambia kwamba mkaguzi hana neno juu ya mali, na kwamba wewe ukikubali, nyumba inauzwa kiangazi hiki. Kwa hiyo sasa mambo yote yako mikononi mwako.

Kile kitufe cha tatu, chenye kishimo, Baba ameniomba nikiunganishe na simu yako. Nimekiunganisha. Amekuwa akikishikashika jioni bila kukibonyeza, anasema huko kwenu bado watu wapo kazini, au wapo kanisani, kila siku ana sababu. Sasa ameazimia. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu akitoka sauna, kwenu ikiwa asubuhi, atakupigia kwa kidole chake mwenyewe. Anajua kwamba Ilkka anataka kumhamisha. Asilolijua ni kwamba wewe umo katika mpango huo. Anasema, "Lempi hawezi." Amelisema mbele yangu mara nyingi.

Sitamwambia mimi, na Ilkka hathubutu. Kwa hiyo jibu lako usiniandikie mimi, wala usimwandikie Ilkka. Kama bado unataka kumtoa, mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, akiwa amesimama pale dirishani na taulo mabegani. Simu italia. Ipokee.

Nisalimie sana Eino na mkewe Carol, na umwambie binti yao mdogo Maija kwamba soksi zake zinafumwa. Mungu akulinde kwenye kila ngazi, na akupe mtu wa kukushika ambaye hutamfukuza.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata ninapokubishia,

Sirkka