Mizani Inayosalimia

Lagangabilili, Itilima
Jumapili mchana

Na ndiyo, Kaka Gervas, simu niliikata mimi. Haikuishiwa chaji wala mtandao haukusumbua. Ulipofika pale pa kusema mume wangu ameacha kiti cha ofisi Dar akaja kuchezea mizani ya pamba, kidole changu kilikwenda chenyewe. Nisamehe kwa kukata. Kwa niliyotaka kukujibu siombi msamaha, na ndiyo maana nimechukua karatasi. Kwenye karatasi huwezi kuniingilia.

Shikamoo kaka. Mama anaendeleaje na miguu yake? Najua baridi ya Njombe mwezi huu haina huruma, hakikisha anavaa zile soksi nzito nilizomwachia. Sisi ni wazima, na mimi ni zaidi ya mzima. Huu mwezi wa tatu kila asubuhi naamka najikumbusha kwamba huyu mtu aliyelala mdomo wazi ni mume wangu, halafu nacheka peke yangu mpaka anaamka. Usikunje uso, na wewe umeoa.

Umesema humwelewi Maduhu. Siku ya posa ulimuuliza dhehebu na mshahara, ukaridhika. Basi mengine nikueleze mimi.

Amezaliwa Migato, si mbali na hapa, kwa wakulima wa pamba. Kompyuta ya kwanza aliiona akiwa kidato cha tatu, moja shule nzima, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la sebuleni. Akasomea uhandisi wa kompyuta chuo kikuu, akaajiriwa Dar na kampuni inayotengenezea mabenki mifumo, akapanda hadi kuwa mkuu wa wahandisi wote. Kiti unachokililia alikuwa nacho kweli, na kilizunguka. Lakini kila msimu mama yake alimpigia simu kulalamika kwamba pamba aliyoipima nyumbani imepungua ilipofika ghalani. Mtu analinda fedha za mabenki, na mama yake mzazi anaibiwa kilo. Akaaga, akauza gari, akarudi huku kuanzisha kampuni yake.

Cheti cha kampuni hiyo ndicho alichokuja kutoa kopi kwenye duka nililokuwa nafanyia kazi Dodoma. Alikuja mara tatu siku moja, karatasi ileile. Mara ya tatu nikamwambia, "Kaka, hizi zinatosha kubandika mji mzima." Akasema, "Basi nitolee moja ya mwisho, niandike namba yako nyuma." Hiyo kopi anayo mpaka leo, na namba yangu nyuma. Nikiiona napata joto la ajabu, na huku joto lipo la kutosha.

Sikufichi, maisha ni magumu. Maji tunaletewa kwa mkokoteni wa punda. Mvua ikinyesha udongo wa mbugani unavua watu viatu. Mume wangu ndiye mkurugenzi, na ndiye anayefagia ofisi kila asubuhi, maana anadai wahandisi wake wawili hawajui kufagia pembeni. Nilidhani hayo ndiyo magumu, mpaka siku ile alipoifunga mizani yake ghalani Migato.

Mizani hiyo ina kifaa kidogo kinachotaja kilo kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma asikie. Papo hapo uzito unaingia kwenye simu ya mkulima, na karani hawezi kuubadili. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa bibi mmoja anaitwa Mayu Kabula. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Akapandisha mzigo wake, mashine ikasema, "Kilo thelathini na nane." Bibi akaushusha.

"Nani huyo?"

"Ni mashine, mayu," Maduhu akamjibu.

"Ya ukoo gani? Nimetembea tangu alfajiri, nafika, inanitajia kilo kabla ya salamu. Karani ni mwizi, lakini hunisalimia."

Foleni ikacheka. Mzee mmoja akadakia, "Maduhu, huko Dar walikufunza yote wakakusahaulisha adabu?" Watu wakaanza kuhamia mizani ya zamani ya karani. Mume wangu, kaka, mtoto wa pale pale, alisimama kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake. Mwaka mzima wa kazi ulikuwa unaondoka mbele ya macho yake, mzigo kwa mzigo.

Huku salamu hairukwi. Mwanamke hupiga goti, na mimi bibi harusi wa mbali magoti yameshaota sugu. Basi nikapiga goti pale kando ya mizani, nikasema, "Mwangaluka, mayu."

Bibi akanitazama. "Huyu ndiye mke?"

"Ndiye," Maduhu akasema.

"Anaongea kama ana kiazi cha moto mdomoni. Rudia."

Nikarudia. Akaitikia, akanyanyua mzigo wake, lakini kwanza akaupeleka mizani ya zamani. Kilo thelathini na tatu. Akaurudisha kwetu. Thelathini na nane. Akamgeukia karani kwa upole kabisa. "Baba, hizi tano huwa zinalala wapi?"

Siku ile nilisalimia watu mpaka sauti ikakauka, mwangaluka asubuhi na mwadila alasiri, na foleni yote ikawa kwetu. Kesho yake Maduhu akairekodi sauti yangu. Sasa mizani sita zinasalimia wakulima kwa sauti ya mdogo wako, Kibena changu ndani yake, mpaka kule Sola upande wa Maswa. Wenye chama cha ushirika wamekubali ziendelee msimu wote.

Na sasa hilo ulilonipigia simu. Ni kweli, kampuni ya zamani inamtaka arudi awe mkurugenzi mtendaji, nyumba na gari juu. Hawataki mkurugenzi mwenye biashara pembeni, kwa hiyo sharti ni kwamba kampuni yake aifunge na mizani ziondolewe, na wanataka jibu mwezi huu. Ukaniambia nimshawishi, na akikataa nirudi nyumbani. Hukujua kwamba yeye alikwisha kuniuliza. Tulikuwa tunakula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na karanga, akasema, "Ukisema twende, kesho nafunga mizigo, na sitakulaumu kamwe."

Kaka, nilitamani. Nilishaanza kuchagua rangi ya mapazia. Lakini nilimtazama anavyosubiri jibu, karanga mkononi, hatafuni, nikajua akienda ataenda kwa ajili yangu, na atakuwa mpole kwangu maisha yake yote, na mama yake ataendelea kupunjwa. Upole wa namna hiyo siutaki. Nikamwambia, "Mimi nimeolewa na mtu wa kopi tatu. Huyo mtendaji simjui." Akacheka mpaka akapaliwa.

Kwa hiyo usinitumie tena ujumbe wa kunihurumia. Wewe ulinisomesha baba alipofariki, nakuheshimu kama yeye, na sitakusahau. Lakini neno la nyumba hii tumekwisha kulisema, na nimelisema mimi.

Msalimie mama, umsomee barua hii yote bila kuruka. Msalimie wifi na watoto wake, shangazi wa Makambako, na mjomba aliyesema Wasukuma watanifundisha kuchunga. Mwambie bado wananifundisha kusalimia.

Maduhu anakwenda Dar kuwapa jibu lake uso kwa uso, na tutazunguka kupitia kwenu kwanza. Mwambie wifi atandike kile kitanda kikubwa cha wageni, maana tunakuja wawili, na tutakuwa mlangoni kwako kabla mwezi haujaisha.

Mdogo wako akupendaye, na mke wa mtu kwa furaha,
Faraja