Maji ya Miguu Yalinipita

Mwanza, Jumapili mchana

Dada yangu Subilaga,

Mugonile. Nakusalimu kwa kupiga goti, ingawa goti lenyewe limekaza na kutoka huko Bondeni hutaliona. Mvua zimepungua? Mama kifua chake kimetulia, au bado anakohoa na kukataa dawa? Na mpunga wetu wa Ipinda, maji yameuacha au yameusomba? Mimi nipo, nakula, naenda kazini. Kwa afya sina la kulalamika isipokuwa miguu, na habari ya miguu utaikuta huko chini.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yako, dada, unaiweka sauti ya nje na jirani wote wanachangia. Nilipokuambia kwamba shule zikifungwa nakuja kumchukua Bupe, nilisikia mtu akiguna ambaye si wewe. Kwa hiyo nimeandika, na mama mmoja wa Tukuyu anayerudi kwao ameahidi kuifikisha.

Nianze na ukweli wenyewe: nina wivu. Naamka nao, navaa nao gambuti, narudi nao nyumbani. Bupe nilimzaa mimi, nikakuachia akiwa bado hajui kufunga vifungo vyake, kwa sababu mpunga peke yake ulikuwa hautufikishi popote. Ndaga fijo, asante sana kwa kumlea, nasema hivyo na sijutii kusema. Lakini wanaposema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, nadhani aliyeanza kusema hivyo alikuwa mlezi. Mzazi angesema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, akaishia hapo.

Mwanzoni alikuita Mama Mkubwa. Siku hizi hilo la pili limedondoka njiani, umebaki Mama. Mimi ndiye nimekuwa Mama wa Mwanza, utadhani ana mama katika kila mji. Akisali kwenye simu anakuombea wewe, anamwombea bibi yake, anamwombea yule kuku anayeatamia, halafu mimi. Nimetanguliwa na kuku, dada, na nikaitikia amina.

Na vile viatu vyeupe vinavyowaka taa! Nilivitafuta soko zima. Nilipokuja Pasaka nikavikuta miguuni kwa mtoto wa jirani, na Bupe yuko kwenye kandambili, anacheka. Ukaniambia alivitoa mwenyewe, kwamba mwenzake alikuwa anaona aibu kuja peku kwenye shule ya Jumapili unayofundisha. Nikakujibu vibaya. Nilikuuliza ni unyenyekevu gani unaomfundisha mtoto kuvua zawadi ya mama yake, na wewe ukaendelea kupepeta mchele. Kumbe ulikuwa unanivumilia, na hilo nalo sikulipenda.

Sasa nije kwenye Alhamisi Kuu. Najua hatujaizungumza na ndiyo iliyonifanya niondoke Jumamosi nikisingizia kazi.

Unajua nilivyokuwa nimejiandaa. Kitenge kipya, kilemba, kucha za miguu nimepaka rangi nyekundu. Mzee wa kanisa akanipeleka kiti cha mbele kwa kuwa nimetoka mbali. Mchungaji akasema watoto watachukua mabeseni, kila mmoja amwoshe miguu mtu mmoja, kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Dada, kwetu maji yakizunguka yanaanza kwa mgeni. Umekua hivyo na mimi nimekua hivyo. Nikamwona Bupe anakuja na beseni, ulimi umetoka kidogo kwa kuogopa kumwaga, nikavua viatu. Nikaviweka kando, nikakunja kitenge, nikanyoosha miguu.

Akanipita.

Kanisa zima liliniona nikiwa na miguu mitupu hewani. Wewe ulikuwa mlangoni, umeloa, peku, tope hadi kwenye vifundo, maana ndiwe uliyekuwa ukichota maji bombani na kuyaleta. Akapiga magoti mbele yako. Nilikuona ukivuta miguu na kumwonyesha mbele nilikokaa, naye akatikisa kichwa akaanza kukuosha. Bora ungefurahi. Ulinihurumia mbele za watu, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Nikajisemea, amempanga huyu. Mwalimu amefundisha unyenyekevu mwaka mzima ili siku ya siku aoshwe yeye.

Jioni ile, wewe ukiwa jikoni, Bupe akaja chumbani na beseni, peke yake, maji ya moto yanafuka. Akapiga goti mlangoni akasema, "Mama, nimekuletea maji ya miguu." Hakusema Mama wa Mwanza, alisema Mama. Nikageukia ukutani nikamwambia, "Nimeshanawa." Akainua beseni akarudi nalo.

Nilikuwa sijanawa. Sasa nikueleze kwa nini wivu wangu una miguu. Kiwandani tunasimama kwenye maji ya barafu tangu asubuhi, tukitoa minofu ya sangara. Maji yanaingia ndani ya gambuti hata ufanyeje. Ngozi imekuwa nyeupe, inavimba na kuchanika katikati ya vidole, na kisigino kimepasuka kiasi cha kushika uzi wa soksi. Kabla ya kuja Pasaka nilikaa siku kadhaa nikiisugua na kuipaka mafuta, kisha ile rangi, ili msijue. Nilitaka kina mama wa pale wanione nimefika mahali. Nawe hukuniuliza kwa sababu sikukupa nafasi.

Jumapili iliyopita nilipiga simu ukiwa shambani, Bupe akapokea. Nikamwuliza moja kwa moja kwa nini alinipita. Nilijiandaa kusikia jina lako. Akanijibu bila kufikiri, kama anayetaja rangi ya daftari lake:

"Mama, miguu yako ilikuwa safi. Mwalimu alituambia tumtafute mwenye tope, tusimtafute mwenye kiti."

Akaendelea kwamba hata hivyo aliona labda nimechoka kwa safari, ndiyo maana akachemsha maji nyumbani, "lakini ukasema umeshanawa, nikajua ni safi kweli." Halafu akaniambia kuku ameangua.

Dada, nimelia kwa mambo mengi hapa Mwanza, ila kwa hili nililia nimeshika simu na mtoto ananisimulia vifaranga. Ulimfundisha vizuri. Imenichukua juma zima kuandika sentensi hiyo, maana nilitaka niwe mimi niliyemfundisha. Wivu haujaisha. Ukisoma hapa ukadhani umeisha, utakuwa umeniongezea utakatifu.

Kuhusu kumchukua, nakuja shule zikifungwa, hilo halijabadilika. Ila sitakuja na gari limewashwa linanisubiri nje. Nitakaa. Tutamkalisha Bupe katikati yetu tumwulize, na atakalosema tutalisikia wote wawili, hata likiniuma. Nakuomba tu usimfundishe jibu. Najua hutamfundisha, ni mimi ninayehitaji kukuomba.

Nisalimie Mama, mwambie anywe dawa, asiigeuze mbolea ya mgomba. Nisalimie shemeji, mwenye nyumba yako, na umwambie nimesamehe utani wake juu ya kilemba changu cha Pasaka. Mzee wa kanisa aliyenipa kiti cha mbele msalimie pia, na umwombe safari hii anitafutie nafasi kwenye mkeka, kule mlangoni. Yule mtoto wa jirani mwambie viatu ni vyake, asivivue akiniona.

Na Bupe msomee mwisho huu, ukiwa umezima simu. Mwambie nitakuja moja kwa moja kutoka kiwandani, bila mafuta, bila rangi. Mwambie siku ile jioni mama yake alimdanganya.

Mwambie sijanawa.

Mdogo wako,
Atupele