Nani Anasikiliza Kiti?

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi hatujambo, na karakana bado inanuka gundi. Kamera ya kupigia picha za tovuti yetu nimenunua, ila si ile uliyonichagulia. Ile ni ya wapiga picha. Mimi ni fundi wa viti. Nimechukua ndogo, ya mtu anayeanza, pamoja na stendi ya miguu mitatu, maana nikishapiga randa mikono haitulii. Taa sikununua. Mwanga wa dirishani asubuhi unatosha.

Picha za viti zimetoka safi. Kazi ilikuwa video: baba alikuja kupiga randa amevaa suti! Nikamwambia mbao hazijui suti. Akanijibu, "Wateja wanaijua."

Najua utafoka kwamba badala ya lenzi nzuri nimenunua kipaza sauti cha kubana kwenye shati. "Nani anasikiliza kiti?" Nakusikia hadi huku. Lakini unamjua baba, hakati ubao kabla ya kuugonga na kuusemesha: wewe utakuwa mguu, wewe mgongo, wewe mkaidi kama mama watoto. Nimeyarekodi yote, hata yasiyofaa tovuti.

Alhamisi ijayo anafanyiwa upasuaji wa koo. Daktari amesema atapona, ila sauti tusiitegemee. Baba mwenyewe amenikataza nisikwambie, usije ukaacha kazi.

Basi mpigie simu kabla ya Alhamisi. Usimuulize afya. Muulize habari za mbao, kisha unyamaze, umwache aseme.

Dada yako,
mpiga picha wa kulazimishwa