Bibi Harusi Aliyecheka

Kilakala, Jumapili. Asubuhi hii ukungu umefunika milima na manyunyu hayajakatika.

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Sisi wazima, babu yako anakohoa kidogo tu. Umeniuliza kama ufute picha ulizopiga ambazo bibi harusi anacheka, kwa kuwa mama mkwe wake amezikataa.

Nilipokuwa na studio, nilipanda Uluguru kupiga picha za harusi ya Anjela. Bwana harusi alimnong'oneza jambo, wakaangua kicheko wote wawili. Shangazi yake Anjela akamkaripia, "We Anjela, funga mdomo! Watasema mwali wetu alikuwa na haraka ya kuolewa." Nikashusha kamera. Nilisubiri mpaka alipoinamisha uso, ndipo nikapiga.

Miaka mingi baadaye Anjela alikuja studio, amefiwa na mumewe. Akauliza, "Mama, ile picha tuliyokuwa tunacheka unayo?" Nikamwambia sikuipiga.

"Basi, si neno," akasema, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka.

Usizifute. Mama mkwe mpe anazozitaka, hizo nyingine mtunzie bibi harusi mwenyewe.

Jana, baada ya kusoma swali lako, usingizi ulinijia saa nane usiku.

Bibi yako