Pumu ya Ngozi ya Rukia

Madungu, Chake Chake

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yako vipi, bado yanakusumbua asubuhi? Huku Pemba tu wazima kwa jumla, alhamdulillah, ila jumla hiyo ina tundu, ndiyo maana naandika. Kwenye simu ungeisikia sauti yangu ukajua kabla sijasema.

Ni mjukuu wako Rukia. Katimiza miaka miwili, na mdomo wake haupumziki kama cherehani yangu. Siku zilizopita alianza kujikuna ndani ya viwiko na nyuma ya magoti. Tukadhani joto, tukadhani mbu. Ngozi ikakauka, ikapasuka. Nikaenda kwa muuza dawa mmoja, nikamwonyesha picha kwenye simu. Akasema, "Hii pumu ya ngozi," kisha akamgeukia mteja mwingine.

Mama, mimi nilisikia neno moja tu, la kwanza. Unajua kwa nini. Siku ile mdogo wangu Juma anatutoka, mimi nilikuwa nimemshika miguu na wewe umemshika kichwa, kifua chake kinapiga filimbi mpaka kikanyamaza. Nilitoka dukani hata kuaga sikuaga.

Basi nikafanya kama tulivyokuwa tukimfanyia marehemu. Nikakataza mtoto asiogeshwe, asije akapigwa na baridi. Baridi ya Pemba, mama, cheka tu. Nikamvisha sweta la sufu mpaka shingoni, nikamchua kifua kwa ile dawa inayowasha. Mke wangu Asha akasema mtoto anateseka, nikamkaripia. Mama mkwe wangu, Bi Time, naye akaja na chetezo akamfukiza udi. "Hiki kijicho tu," akasema. "Mtoto kapendeza, watu washamuona."

Siku ya nne ngozi ilikuwa inatoa maji, sweta limegandana nayo, na homa imempanda. Tulililowesha kidogo kidogo ndipo likavuka, naye analia hana sauti. Mimi fundi wa nguo, ninayejua kila kitambaa kinavyokaa mwilini mwa mtu, nilimtenda hivyo mwanangu. Asha ndiye aliyembeba kwenda hospitali, mimi nikawafuata nyuma.

Huko tulimkuta nesi mmoja mtu mzima. "Nani kamvisha hivi?"

"Mimi. Ana pumu."

Akamsikiliza kifua, mbele na mgongoni. "Yakhe, pumu ya ngozi si pumu ya kifua. Jina tu ndilo lililokupoteza. Mapafu yake mazima haya. Huyu ataka maji na mafuta, nyinyi mwamkausha!"

Vidonda vilikuwa vimeingia uchafu. Alipewa dawa, homa ikashuka. Sasa anaogeshwa kila siku kwa maji ya uvuguvugu, muda mfupi, kwa sabuni isiyonukia. Tunampangusa bila kumsugua na kumpaka mafuta ya mgando kabla ngozi haijakauka. Ile dawa ya tyubu tunampaka palipowaka tu, kwa siku alizosema nesi. Nimemshonea magauni ya pamba na mishono yake nimeiweka nje isimkwaruze. Kucha zake nazikata mwenyewe. Bi Time chetezo amekihamishia uani, na mimi kaninunia.

Ungedhani hofu imekwisha. Haijaisha. Nilipomuuliza nesi kama ugonjwa huu waweza kumfika kifuani, hakuniambia hapana. Alisema, "Wapo wanaokuja kuipata na ile ya kifua, na wengi hawaipati. Ukisikia filimbi, mlete mbio." Tangu hapo sina kazi nyingine ila kusikiliza.

Ndiyo nakuuliza, mama, usinifiche: Juma alikuwa akijikuna utotoni? Nakumbuka ukimfunga vitambaa mikononi, lakini sijui kama ni kumbukumbu au nimejitungia kwa woga.

Dada yangu mkubwa, unayemsomea mama barua hii, nakusalimu, na usiruke hapo nilipomtaja Juma. Nisalimie baba mdogo, na shangazi wa Pangani akija. Asha anambusu mama mikono.

Mama, kuna neno sijawahi kukwambia. Baada ya Juma kuzikwa ulikuwa kila nikipita unanishika mgongo, na nikikohoa unaacha ulichoshika. Nilikereka. Nilipopata kazi huku nilifurahi kwamba hutanisikia tena nikikohoa. Nisamehe. Leo mchana Rukia alipaliwa na mate tu, akakohoa mara moja, nikajichoma kidole kwa sindano ya cherehani.

Njoo Pemba, mama. Usihangaike kubeba dawa. Nataka unionyeshe ulivyokuwa ukipika, ukicheka na majirani, ukilala, huku hofu hii imo ndani yako.

Mwanao,
Bakari